Siku nne kando ya Mto Pangani mwezi Julai: twende wapi, na tuondoke saa ngapi?

Mgeni wa Julai:

Nawasalimu nyote. Familia yetu imekodi nyumba ndogo ukingoni mwa Mto Pangani, upande wa kaskazini, kilomita chache kutoka mahali mto unapoingia baharini. Tutakaa usiku nne, katikati ya mwezi wa Julai. Tutakuwa watu wazima watatu, akiwemo mama yangu mwenye umri wa miaka 71 ambaye goti lake moja halimruhusu kupanda na kushuka sana, pamoja na watoto wawili, mmoja wa miaka 8 na mwingine wa miaka 13. Tutafika kwa gari letu dogo kupitia Segera na Muheza.

Nimekusanya orodha ndefu ya mahali pa kutembelea: Kisiwa cha Maziwe, Hifadhi ya Taifa ya Saadani, Mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni, majengo ya kale ya Pangani mjini, ufukwe wa Ushongo na safari ya mashua mtoni. Kila mahali panasifiwa kwa maneno yaleyale, kiasi kwamba nimeshindwa kutambua ni wapi panastahili siku nzima na ni wapi pa kupitia tu. Mume wangu angependa kuvua samaki, mama anapenda historia, na watoto hawataki kitu kingine isipokuwa maji, ilhali mwenye nyumba ametuonya kwamba mtoni hakuogelewi, bila kutueleza zaidi. Naomba mwenye uzoefu anisaidie: tuanze na lipi, tuache lipi, na je, Julai ni mwezi mzuri wa kuingia baharini na mzee pamoja na watoto?

Mzaliwa wa Bweni:

Dada, karibu sana kwetu. Orodha yako ni nzuri, ila imekosa kitu kimoja ambacho sisi tuliokulia kando ya mto huu hukitazama kwanza kabla ya ramani, nacho ni mwezi. Karibu kila jambo ulilolitaja huwezekana au hushindikana kwa kutegemea maji yanajaa au yanakupwa, na mgeni anayepanga siku zake kwa saa ya ukutani peke yake hujikuta amefika mahali pazuri katika saa mbaya.

Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani hii huzidi mita 3. Mwezi unapoandama, na vilevile unapokuwa mpevu, maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na kujaa kabisa karibu saa kumi alasiri, kisha kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 40 hadi 50. Baada ya juma moja, yakifika maji mafu, mambo huwa yamegeuka: saa nne ileile ya asubuhi maji yamejaa, na tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Kwa hiyo mtu akikushauri mwende mtoni saa tisa bila kukuuliza mtafika siku ya ngapi ya mwezi, ujue anakusimulia safari yake mwenyewe.

Safari ya mashua mtoni ndiyo ningeipa nafasi ya kwanza, kwa sababu hata mama ataifurahia akiwa ameketi. Pandeni na maji yanayojaa na mrudi na maji yanayokupwa. Mkifanya hivyo, nahodha anaweza kuzima injini kwenye kona na mashua ikaendelea kwenda polepole yenyewe, na hapo ndipo mtakapoisikia mikoko, maana kaa hugongagonga kwenye mizizi, na matope hutoa mlio mdogo kama wa midomo inayofunguka kila yanapoguswa na maji yanayopanda. Karibu na bahari mtauona mkoko wenyewe, uliosimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui, pamoja na mchu, ambao mizizi yake huchomoza topeni kama kalamu zilizochomekwa. Mwambie mtoto wako mkubwa atafute mkomafi. Tunda lake ni la mviringo, na likipasuka hutoa mbegu kubwa zenye pembe ambazo ni kazi kuzipanga upya zikakaa kama zilivyokuwa. Tulipokuwa wadogo tulishindana kwa hilo hadi jua likatua.

Mkiendelea kupanda, mikoko huisha na mashamba ya minazi huanza, na hapo mtaona baadhi ya minazi imekauka vichwa. Huu ni mto wa takriban kilomita 500, ambao maji yake yanaanzia kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, yakapita Bwawa la Nyumba ya Mungu, mashamba ya umwagiliaji na mitambo ya umeme ya Hale na ya maporomoko ya Pangani. Maji matamu yanayofika kwetu yamepungua, na bahari ikipata nafasi huingia. Ziko sehemu ambazo wazee walichota maji ya kunywa na leo yana chumvi.

Kuhusu kuogelea, mwenye nyumba wenu amesema kweli. Mto una mamba, na mamba hahitaji maji mengi. Hatari kubwa iko pale ukingoni, anapoinama mtu kuosha sahani au mtoto kuosha miguu. Kuna pia viboko huko juu. Mkishuka kwenda kwenye mashua, shukeni mahali ambapo wenyeji wanashukia na msikae hapo kupiga picha. Watoto waogee baharini.

Mumeo asihangaike na vifaa. Amtafute mvuvi mwenye leseni, watoke na mshipi kwa chambo cha kamba, na kabla ya hapo aende dikoni asubuhi mitumbwi inaporudi, aone ni samaki gani wanatoka siku hizo. Atajifunza mengi kwa kusimama hapo nusu saa.

Mwalimu Mstaafu:

Binti yangu, msikilize huyo mzaliwa wa Bweni, kwani amesema yaliyo muhimu. Mimi nitazungumzia mama yako tu, kwa kuwa umri wetu unakaribiana na goti langu nalo lina maoni yake.

Mpe asubuhi moja Pangani mjini, siku ya kazi, mapema kabla ya jua kukaza. Mji ni tambarare, na vitu vya kutazama vimekusanyika karibu na mto, kwa hiyo hatatembea sana. Boma la Pangani, ambalo ujenzi wake husemwa kuwa ni wa mwaka 1810, lilianza kama makazi ya Waarabu wa Omani na baadaye likawa makao ya utawala wa Wajerumani. Bado lina milango ya kuchonga ambayo fundi wa leo angeiangalia kwa wivu. Kwa kuwa ni jengo la serikali, ombeni ruhusa kabla ya kuingia na kabla ya kupiga picha, na mkipata mwongozaji wa mjini mambo yatakuwa mepesi zaidi.

Hata hivyo, ningependa mama asimame na wajukuu wake pale ukingoni na kuwaeleza yaliyotokea hapo mwaka 1888. Mwezi wa Agosti mwaka huo, kampuni ya Kijerumani iliyodai kupewa mamlaka ya pwani na Sultani wa Zanzibar ilipandisha bendera yake Pangani, na mwakilishi wake akawadharau viongozi wa mji waziwazi. Watu walikataa, na kukataa huko kukaenea pwani nzima chini ya Bushiri bin Salim, huku Bwana Heri akiongoza upande wa Saadani. Serikali ya Ujerumani ililazimika kutuma jeshi chini ya Hermann von Wissmann. Pangani ilitekwa tena Julai 1889, Bushiri akakamatwa baadaye, naye akanyongwa hapohapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Shuleni tuliyafundisha hayo kwa aya moja. Mtoto akiyasikia huku anautazama mto wenyewe na mitumbwi inayopita, aya hiyo inabadilika.

Mkivuka mto kwenda Bweni, ng'ambo ya kusini, mtafika upande wa Kikogwe, ambako mkonge ulipandwa kwa mara ya kwanza katika nchi yetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Mashamba yote ya mkonge mtakayokuwa mmeyapita njiani kutoka Segera yalianzia kwenye miche hiyo michache. Nawaomba msiwaambie watoto hadithi hiyo kabla ya kufika. Waoneni kwanza wakichoka kuhesabu mistari ya mkonge.

Tongoni msiifanyie safari ya pekee. Iko kwenye barabara ya Pangani kwenda Tanga, kwa hiyo siku ya kuondoka rudini kupitia Tanga badala ya njia mliyojia, na msimame hapo kwa saa moja. Kuna msikiti uliobomoka na makaburi takriban 40, mengine yakiwa ya nguzo, ingawa nguzo nyingi zimeanguka. Vasco da Gama alipopita mwaka 1498, moja ya merikebu zake ilikwama kwenye mafungu ya upande huo, na katika safari ya kurudi aliichoma moto hapo kwa kuwa hakubakiwa na mabaharia wa kutosha. Ardhi ya Tongoni ni sawa na mama atatembea vizuri. Mapango ya Amboni, yaliyo kaskazini ya mji wa Tanga, ni ya chokaa na ndani yana giza, njia nyembamba na mahali pa kuinama. Mama abaki nje na mmoja wenu, au myaache kabisa.

Baba wa Watatu:

Nataka kuongeza neno kuhusu Maziwe, kwa sababu sisi tulikosea na ningependa wengine wasikosee.

Maziwe ni fungu la mchanga lililozungukwa na matumbawe, nalo limehifadhiwa tangu mwaka 1975. Zamani lilikuwa na miti, na kasa walitagia hapo kwa wingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya nchi. Mchanga ulimomonyoka, miti ikaanguka, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 haikubaki hata mmoja. Hivi sasa maji ya bamvua yakijaa, fungu lote huzama. Nilikuwa nimeyasoma hayo, nikayaelewa kama mtu anavyoelewa jambo la kwenye karatasi.

Tulikwenda siku mbili baada ya mwezi mpevu. Mwenye mashua alichelewa, kisha mafuta yakachelewa, na tukafika kisiwani karibu saa saba mchana tukiwa na kikapu cha chakula, mkeka na mwavuli. Palikuwa papana na peupe hivi kwamba watoto walikimbia hadi wakawa wadogo machoni. Tukatandika mkeka. Baada ya muda mke wangu akasema mkeka umelowa upande mmoja, tukausogeza juu kidogo. Tukausogeza tena. Mara ya tatu hapakuwa na juu pa kusogezea. Mtoto wa mwisho alikuwa anachimba shimo na maji yalitokea ndani ya shimo lake kabla hayajafika kwenye ukingo. Tulimaliza kula ndani ya mashua, na njia nzima ya kurudi tulipambana na upepo wa kusi ambao kufikia alasiri ulikuwa umeamsha mawimbi, tukafika tumelowa chapachapa na mkubwa wangu ametapika mara mbili. Hakuna aliyeumia. Lakini mama wa miaka 71 nisingempandisha kwenye mashua ile.

Kwa hiyo, dada, Maziwe ni pazuri mno kwa kuzamia kwa miwani na kuona matumbawe, ila mwende asubuhi, upepo ukiwa bado umelala, na msisitize jaketi okozi kwa kila mtu, mkiwahesabu watu na jaketi kabla ya kusukuma mashua. Ada ya hifadhi ilipwe na risiti mpewe. Viatu vya mpira ni lazima, kwa sababu matumbawe hukata.

Julai yenyewe ni nzuri: mvua za masika zimekwisha na hakuna joto kali. Kasoro yake ni kusi tu.

Mpenda Wanyama:

Naomba nipingane kidogo na orodha yenyewe. Saadani iondoeni. Ninaipenda sana hifadhi hiyo, ambayo ilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 na ndiyo pekee nchini inayopakana na Bahari ya Hindi, ila haistahili kutendewa kama matembezi ya nusu siku. Kutoka kwenu mtapaswa kusubiri kivuko, kuvuka, kisha kusafiri hadi lango la kaskazini kabla ya kuanza kutafuta twiga au tembo hata mmoja, na wanyama wenyewe huonekana vizuri alfajiri na jioni, yaani saa zilezile mtakazokuwa njiani. Gari dogo nalo litawasumbua. Saadani ipewe usiku wake miwili safari nyingine, ndani yake kukiwa na asubuhi moja ya mashua kwenye Mto Wami.

Ushongo msiiache, kwani ndiyo jibu la watoto wenu. Ufukwe ni mrefu, mchanga ni laini, na maji yakipwa huacha vidimbwi vyenye samaki wadogo ambavyo mtoto wa miaka 8 anaweza kuvichungulia kutwa nzima. Viota vya kasa vilivyo hatarini kuzama kule Maziwe huhamishiwa huko na watu wa uhifadhi, na mayai huanguliwa baada ya takriban miezi miwili, hivyo Julai mna nafasi ya kukuta kiota kinachofunguka. Ulizeni siku mnayofika. Mkibahatika, simameni nyuma ya kamba, msiwashike vifaranga wala kuwasaidia kufika majini, na simu zisiwashwe taa.

Mgeni wa Julai:

Nawashukuru kwa moyo wote, na Mwalimu, shikamoo. Mama amesomewa ujumbe wako na ameagiza nikuambie kwamba goti lake na lako wangekuwa marafiki.

Tumefuta Saadani na Amboni. Nimeangalia kalenda, na mwezi mpevu utaangukia siku yetu ya pili. Tutafika siku ya kwanza alasiri. Naona ugumu mmoja: kama bamvua inaanza hapo, Maziwe na mto vyote vinataka siku zilezile. Je, vitawezekana bila kumchosha mama, na je, tuondokee Maziwe kutoka mtoni au tuvuke kwanza hadi Ushongo?

Mzaliwa wa Bweni:

Vinawezekana, dada, na umepata siku nzuri kuliko unavyodhani, kwa sababu bamvua inawapa kupwa asubuhi kwa ajili ya kisiwa na kujaa alasiri kwa ajili ya mto. Msivifanye tu siku moja.

Siku ya pili, asubuhi mwende mjini na mama kama Mwalimu alivyosema. Mpumzike mchana. Maji yatajaa karibu saa kumi na robo, kwa hiyo mashua ya mtoni iondoke saa tisa, igeuke saa kumi na nusu au muda mfupi baadaye, na mrudi na maji yanayoanza kukupwa jua likiwa linashuka nyuma ya minazi. Mwekeeni mama kiti cha plastiki chenye mgongo katikati ya mashua, na apande mahali penye gati au ngazi. Maji yakiwa yamejaa, ukingo na mashua hulingana na goti halitapata kazi.

Siku ya tatu ni ya Maziwe, kwa mumeo, wewe na mtoto mkubwa. Mdogo ningemwacha na bibi yake, ingawa atalia. Mkiondokea mtoni asubuhi, maji yanayokupwa yatawasukuma nje bila taabu, ila mlangoni mwa mto maji hayo hukutana na mawimbi ya bahari na mashua hurukaruka kwa dakika chache. Ketini chini na msishtuke. Kutoka Ushongo ni karibu zaidi na hakuna mlango wa mto wa kupita, lakini mtatakiwa kuvuka na kivuko mapema, na foleni ya magari hamuwezi kuipangia. Ujenzi wa daraja umekuwa ukiendelea, kwa hiyo ulizeni mtakapofika kama hali ya kuvuka imebadilika. Mimi ningechagua mtoni, nikaiacha Ushongo iwe siku ya nne, wote pamoja, bila saa ya kukimbizana nayo.

Siku hiyo ya tatu maji yatapwa kabisa karibu saa tano kasorobo. Mwambieni nahodha jioni ya siku iliyotangulia, na mafuta yawe yamenunuliwa jioni hiyohiyo mkiyaona kwa macho. Mashua iondoke saa mbili na nusu, na ikifika saa saba kasoro muwe mmeshapanda kurudi, hata kama mchanga bado ni mpana.